Mafundi wa Nyumbani na Ganda Dogo la Shaba

Mwaka 1930 kampuni ya Winchester ya Marekani ilianza kuuza risasi isiyokuwa na bunduki yake dukani. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimetengeneza silaha ya kuipiga, hata Winchester wenyewe. Hata hivyo risasi hizo zilipata wanunuzi, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kujiundia bunduki zake kwa mafundi wa mitaani au kwenye meza zao za kazi nyumbani. Risasi hiyo ni .22 Hornet. Bunduki ya kwanza ya kiwandani kwa ajili yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Savage, ilitoka mwaka 1932, na Winchester wakafuata mwaka 1933.

Historia ya silaha tumezoea kusimuliwa kuanzia juu: serikali inaagiza, jeshi linajaribu, kiwanda kinatengeneza, raia anapata mwisho. Historia ya risasi ndogo, zile za kipenyo cha milimita 5.6 na pungufu, haikwenda hivyo. Waliotangulia walikuwa wakulima, mwanasheria, maafisa wachache wa jeshi waliokuwa wakifuata mapenzi yao, kijana aliyefanya kazi katika biashara ya udobi ya baba yake, na baadaye daktari wa upasuaji. Viwanda vilikuja nyuma vikichukua kilichokwisha kuthibitika. Iliwezekanaje? Jibu, kwa maoni yangu, limo ndani ya ganda lenyewe, na ndiko inakobidi tuanzie.

Aliyewahi kuona gobore likishindiliwa anajua kazi ilivyo pasipo ganda. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, juu yake husokomezwa kitambaa au nyuzi, zikafuata gololi, na fataki huvishwa nje, chini ya nyundo ya bunduki. Mvua ikinyesha, kazi imeharibika. Ganda la shaba liliviweka vyote pamoja: fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa cha risasi mdomoni. Lakini faida yake kubwa haionekani kwa macho. Baruti inapowaka, kuta nyembamba za ganda hutanuka zikabana ukuta wa chemba linamokaa, hivyo gesi haipati upenyo wa kurudi nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Mgandamizo ukishuka, shaba hujirudi kidogo, na ganda hutoka bila kung'ang'ania. Karatasi haiwezi kufanya hivyo. Chuma hufanya kwa shida. Mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30 hufanya hivyo mara moja, na ukitunzwa hurudia tena na tena.

Mwaka 1866 watu wawili walitatua, kila mmoja kwa njia yake, suala la fataki ikae vipi kitakoni mwa ganda. Edward Boxer, afisa wa Uingereza aliyesimamia maabara ya kijeshi ya Woolwich, aliweka kijifuawe ndani ya fataki yenyewe, na moto ukapita katika tundu moja la katikati. Hiram Berdan, Mmarekani, alikifanya kifuawe kuwa sehemu ya ganda, na moto ukapita katika vitundu viwili vya pembeni. Risasi za Boxer zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za Snider, aina ileile waliyopewa askari wa Sultani Barghash wa Zanzibar walipofunzwa na Lloyd Mathews kuanzia mwaka 1877. Kisha mambo yakapishana: Ulaya ikafuata mtindo wa Berdan, Marekani ikafuata wa Boxer. Kwa askari hapakuwa na tofauti yoyote. Kwa raia tofauti ilikuwa kubwa mno. Katika ganda la Boxer, sindano nyembamba ya chuma hupita moja kwa moja kwenye tundu la katikati na kuisukuma nje fataki iliyokwisha kazi. Unaweka nyingine, na ganda liko tayari kwa safari ya pili. Katika ganda la Berdan sindano hiyo haina pa kupita. Kwa sababu ndogo hiyo, Mmarekani wa kawaida alikuwa na ganda la kutumia tena, na mtu anayerudia kulijaza ganda kila wiki huanza siku moja kujiuliza kwa nini lisibadilishwe umbo.

Shaba hiyo ina tabia zake, na waliozipuuza waliadhibiwa. Kila inapobanwa, kuvutwa au kupigwa, huwa ngumu zaidi na kubaki na mkazo ndani yake. Jeshi la Waingereza huko India liligundua kwamba risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka zenyewe, hasa pale ganda lilipobanwa kushika kichwa cha risasi. Chanzo kilielezwa vizuri mwaka 1921: amonia iliyotoka kwenye mikojo ya farasi ilishambulia shaba iliyokuwa bado na mkazo wa kiwandani. Dawa yake ni moto. Shaba iliyopashwa moto ipasavyo husahau mkazo wote na kulainika upya. Mafundi wa nyumbani walilijua hilo kwa vidole vyao. Walisimamisha maganda kwenye karai la maji yaliyofunika vitako, wakapitisha ndimi za moto kwenye shingo hadi rangi ya shaba ianze kubadilika, kisha wakayaangusha majini. Shingo ililainika ikawa tayari kufinywa. Kitako kilibaki baridi na kigumu, kwa kuwa ndicho kinachobeba mgandamizo wote. Anayekilainisha anahatarisha macho yake.

Wa kwanza kuonyesha ganda kubwa linavyoweza kupewa mdomo mdogo kwa faida ya kweli alikuwa Charles Newton, mwanasheria wa Buffalo, jimbo la New York. Alichukua ganda la .25-35 la Winchester, akalibana shingo lipokee kichwa cha risasi cha karibu milimita 5.8, na kampuni ya Savage ikaliingiza sokoni mwaka 1912 kwa jina la .22 Savage High-Power. Kanuni yake ni nyepesi kueleza: baruti nyingi nyuma ya kichwa chepesi, na kasi inapanda. Newton alitoa pia .250-3000, ambayo Savage walianza kuiuza mwaka 1915, na ganda hilo tutakutana nalo tena. Biashara zake mwenyewe hazikumnufaisha, akafariki mwaka 1932 bila kuona jinsi njia yake ilivyojaa watu.

Kasi hiyo ilitakiwa kwa nini? Mashariki mwa Marekani kuna mnyama mnene wa ukoo wa kindi, mwenye umbo linalokaribiana na pimbi, anayechimba mashimo katika malisho na kula mazao ya mkulima. Hujitokeza mbali, hasimami kwa muda mrefu, na nyumba za watu haziko mbali. Risasi ndogo za .22 za kawaida, zinazopigwa ukingoni, zilimfikia zikiwa zimechoka. Risasi za kulungu zilikuwa nzito, zenye kishindo, na ziligonga jiwe zikaruka hadi shamba la jirani. Kilichohitajika ni kichwa kidogo chenye kasi kubwa, kinachosafiri karibu na mstari ulionyooka na kuvunjikavunjika kinapogusa chochote. Viwanda havikuwa na kitu hicho.

Miaka ya 1920, huko Springfield, Massachusetts, penye kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani, walikuwapo Townsend Whelen, Grosvenor Wotkyns, G. A. Woody na Al Woodworth. Walichokifanya hakikuwa agizo la jeshi. Walichukua ganda la .22 WCF, risasi ya baruti nyeusi iliyozaliwa mwaka 1885 na iliyokuwa imebaki bila wa kuijali, iliyokuwa ikisukuma kichwa cha gramu 3 hivi kwa kasi ya takribani mita 470 kwa sekunde. Wakaijaza baruti mpya isiyo na moshi. Kwa bunduki walitumia zile ndogo za mazoezi za modeli ya 1922, wakazikereza chemba zilipokee ganda hilo refu. Kasi ilipita mita 700. Ganda lilikuwa lilelile la kuukuu. Kilichobadilika ni kilichowekwa ndani yake na macho ya waliolitazama. Hiyo ndiyo Hornet, na ndiyo iliyowalazimisha Winchester kuuza risasi kabla ya bunduki.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya dhiki Marekani. Ningedhani mchezo wa aina hii ungekufa, lakini ulistawi. Ganda lililookotwa halikuwa na gharama, usiku ulikuwa mrefu, na lethi ndogo ya karakana iliweza kukereza kalibu, yaani kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo linalotakiwa. Kazi yenyewe ilihitaji subira kuliko nguvu. Ganda lilipakwa mafuta kidogo sana, kwani mafuta yakizidi huacha mabonde kwenye bega. Likasukumwa katika kalibu ya kwanza, kisha ya pili iliyo nyembamba zaidi, kisha ya tatu; anayetaka kufika kwa hatua moja huambulia ganda lililokunjamana. Likakatwa mdomo lifike urefu wake. Shingo, ambayo sasa imekuwa nene kwa kuwa shaba iliyofinywa lazima iende mahali fulani, ikachongwa kwa ndani au kwa nje. Mwisho lilipigwa katika chemba ya umbo jipya kwa baruti ya kadiri, na moto wenyewe ukalikamilisha, ukilitanua hadi kila pembe ya chemba. Ganda lililotoka hapo lilikuwa la bunduki ile moja, na halikuingia vizuri katika nyingine.

Harvey Donaldson wa Fultonville, New York, ndiye ninayemheshimu kuliko wote wa kizazi hicho. Winchester walikuwa wametoa .219 Zipper, risasi nzuri iliyofungiwa katika bunduki isiyolenga vizuri. Donaldson alilifupisha ganda lake, akalinyoosha kuta na kulipa bega kali zaidi, na kwa kulipunguzia nafasi ya baruti akapata usahihi uliokuwa umefichika. Aliyekosa maganda ya Zipper aliunda hiyo .219 Wasp kutoka kwa .30-30, risasi ya kulungu iliyopatikana katika kila duka la kijijini. Wakati wenzake wengi wakifukuzia kasi, yeye aliridhika na kasi ya kutosha na kutafuta matundu matano yanayoingiliana kwenye karatasi. Mashindano ya kupiga shabaha kutoka mezani, yaliyoshika kasi baada ya vita, yalikuwa kwa sehemu kubwa matunda ya fikra hiyo.

Wotkyns naye hakuwa ametulia. Alikuwa amelibana ganda la .250-3000 la Newton hadi kipenyo cha .22, na ilitarajiwa kwamba Winchester wangelichukua. Mwaka 1935 Winchester walitoa .220 Swift, lakini kwa ganda jingine, lililotokana na risasi ya milimita 6 ya jeshi la majini la Marekani. Swift ilirusha kichwa cha gramu 3 kwa zaidi ya mita 1,250 kwa sekunde, kasi iliyowaacha watu vinywa wazi. Hata hivyo ganda la Wotkyns halikuachwa. Jerry Gebby na J. Bushnell Smith waliliendeleza, Gebby akalisajili kwa jina la Varminter mwaka 1937, na mafundi nchi nzima wakakereza bunduki zake. Kwa karibu miaka 30 risasi hii haikuwa na kiwanda. Kila ganda lililopigwa lilikuwa limefinywa na mkono wa mtu. Mwaka 1963 Browning walianza kuuza bunduki zake ilhali risasi za kiwandani bado hazipo, na mwaka 1965 Remington wakaipokea rasmi kama .22-250. Leo inauzwa duniani kote.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, shaba yote ilielekea jeshini na maduka ya raia yakabaki matupu. Huko Oroville, California, mwaka 1943, Fred Huntington, aliyekuwa akifanya kazi katika biashara ya udobi ya baba yake, alikosa vichwa vya risasi vya kuwindia. Maganda yaliyotumika ya .22 ya kawaida, ya shaba nyembamba, hayakuwa na wa kuyataka, kwa sababu fataki yake imo ndani ya ukingo na hayajaziki tena. Huntington alibuni kalibu za kuyanyoosha na kuyageuza kuwa gamba la kichwa kipya, madini laini ya risasi yakijazwa ndani. Ganda likawa kichwa. Kutoka chumba cha nyuma cha dobi hiyo ikazaliwa kampuni ya RCBS, ambayo kalibu zake zingali mikononi mwa wajazaji wa risasi hadi sasa. Wakati uleule Vernon Speer na Joyce Hornady walikuwa wakifanya jambo lilelile kwa mashine, na kila mmoja akaishia na kampuni yenye jina lake, Speer huko Lewiston, Idaho, na Hornady huko Grand Island, Nebraska. Uhaba wa miaka michache ulizaa tasnia nzima.

Hapo ndipo anapoingia Parker Otto Ackley, mzaliwa wa 1903, mkulima wa New York aliyeacha shamba mwaka 1936 akanunua karakana ya bunduki huko Roseburg, Oregon. Baada ya vita alifundisha ufundi wa bunduki katika chuo cha Trinidad, Colorado, kisha akahamia Salt Lake City. Ackley aliona kwamba maganda ya viwandani yalikuwa na kuta zilizolala na mabega yaliyoteremka, nafasi ikapotea na shaba ikatiririka kuelekea shingoni kila mara yalipopigwa. Yeye alikereza chemba ili zinyooshe kuta na kusimamisha bega hadi nyuzi 40. Uzuri wa mbinu yake ulikuwa katika urahisi: mwenye bunduki hiyo alinunua risasi ya kawaida dukani, akaipiga, na ganda likatoka limekwisha kuchukua umbo jipya. Hakuhitaji kalibu tatu wala karai la maji. Asiye na karakana naye akapata kuingia katika kazi hii.

Ackley alijaribu pia mipaka, na ningependa wasomaji wamjue kwa hilo. Kwa ombi la Bob Hutton, mwandishi wa jarida la Guns & Ammo, alilichukua ganda la .378 Weatherby, risasi ya kupigia tembo na nyati, akalibana hadi mdomo wa .22, akalipa jina la mzaha, Eargesplitten Loudenboomer. Lengo lilikuwa kasi ya futi 5,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 1,500. Iliishia karibu mita 1,400. Baruti ilikuwa tele, lakini mlango wa kutokea ulikuwa mdogo mno, na mtutu uliteketea upesi. Aliandika matokeo hayo waziwazi katika vitabu vyake viwili vya miaka ya 1960, akieleza kipi kilifaulu na kipi kilikuwa upotevu wa shaba. Kwa mtu aliyekuwa akiuza bunduki za aina hiyohiyo, huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano.

Kushuka chini zaidi, hadi kipenyo cha milimita 4.4, yaani .17, kulikuwa kazi ya Ackley na wenzake vilevile. Tatizo la .17 ni kwamba kosa lisiloonekana katika kaliba kubwa hapa huwa kubwa: shingo iliyo nene upande mmoja kwa unywele, mtutu uliojaa masizi baada ya risasi chache, kichwa cha gramu 1.6 kinachosukumwa na upepo. Remington waliingia mwaka 1971 na .17 yao. Mwaka 2007 wakatoa .17 Fireball, ambayo karibu yote ni nakala ya risasi ambayo fundi Vern O'Brien alikuwa ameiunda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa haki, kiwanda nacho kilikuwa na siku zake. Mwaka 1950 Mike Walker, mhandisi wa Remington na mpiga shabaha mwenyewe, alitoa .222 Remington kwa ganda jipya kabisa lisilofinywa kutoka kwa jingine lolote. Ilishinda mashindano ya mezani kwa zaidi ya miaka 20.

Walioiangusha walikuwa wawili: Louis Palmisano, daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, na Ferris Pindell, fundi wa zana. Katikati ya miaka ya 1970 walishikilia wazo kwamba ganda fupi na nene huwasha baruti kwa usawa kuliko lile refu na jembamba. Ganda hilo walilipata kwa Warusi. Risasi ya uwindaji ya .220 Russian ilikuwa imetokana na ganda la milimita 7.62 kwa 39 la mwaka 1943, risasi ya AK. Maganda ya AK yanajulikana mno Kongo, Burundi na kaskazini mwa Uganda, ambako watu wengi wameyaona yakiwa yametapakaa barabarani kwa sababu za huzuni. Lakini mengi ya hayo ni ya chuma kilichopakwa vanishi na yana fataki za Berdan: hayajirudi vizuri yakitanuka, na sindano haina pa kupita. Palmisano na Pindell walihitaji shaba, na fataki ndogo ya Boxer. Sako wa Ufini walitengeneza ganda la Kirusi kwa namna hiyo hasa. Wawili hao walilipanua shingo hadi milimita 6 kwa ajili ya ile kubwa kati ya risasi zao mbili walizoziita PPC, au wakaliacha na .22 kwa ile ndogo, wakalisimamisha bega hadi nyuzi 30 kwa moto wa baruti, na ndani ya miaka michache rekodi za dunia za shabaha zikawa zao.

Ganda hilo fupi limeendelea kuzaa. Mwaka 2003 Bill Alexander alilitumia kwa 6.5 Grendel, na kutoka kwa Grendel, mwaka 2020, ikatoka 6mm ARC. Walioitoa ni Hornady wa Grand Island, walioanza kwa kunyoosha maganda ya .22 yaliyotupwa.